Bahasha ya Chaguo la Ishirini na Saba

Shemeji yangu Vernon Tuttle alikuwa mtahini wa leseni za udereva hapa Indianapolis kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu, madereva walishusha pumzi, naye akawageukia wacheza kikapu.

Kila Juni ligi ya kikapu huzigawia timu vijana wapya. Timu dhaifu huchagua kwanza, timu nzuri husubiri makombo mkiani mwa raundi. Yetu ina mkosi wa kuwa nzuri. Wale wa mwanzo Vernon hajisumbui nao, maana hao, asema, hata paka angewachagua. Yeye ni bingwa wa makombo. Huandika alama anayompa kijana, huifunga kwenye bahasha, na bahasha hufunguliwa baada ya miaka mitano, gerejini kwake, mbele yetu sote na mikate ya nyama ya nguruwe.

Ni jaji wa haki kabisa. Kijana wa hapa Indiana hupata A hata akiwa na goti moja. Wa kutoka Ulaya hupata F kabla hajavua koti. Mwaka juzi bahasha ilimwumbua, mwaka jana ikamwumbua tena, tukakubaliana kwamba akikosea mara ya tatu kalamu ya kutoa alama inahamia kwangu. Hotuba nilishaiandaa.

Safari hii ilikuwa zamu ya Tadas, Mlithuania mwembamba, chaguo la ishirini na saba, ambaye leo ndiye anayeibeba timu nzima. Miaka mitano iliyopita nilimsikia Vernon kwa masikio yangu: "Huyu hata kuegesha gari hajui, atajipangaje chini ya kikapu?"

"Fungua, shemeji," nikamwambia. "Nyama inapoa."

"Subiri, Roberta. Haki haina haraka."

"Ya kwako imechelewa miaka miwili sasa."

Watu wakacheka. Akachana bahasha, akasoma: "A. Mikono mizuri, akili inafanya kazi."

"Mzee, wewe nabii," akasema jirani yake, Clyde.

Mimi sikuzaliwa jana. Nikamnyang'anya karatasi, nikaigeuza. Upande wa pili alikuwa dada yangu Maxine, mke wake, na kofia yake ya kanisani, anatabasamu, na chini yake tarehe mbili. Ilikuwa ratiba ya mazishi. Tulimzika Februari, mwaka huu huu. Mpumbavu yule alichukua karatasi ya kwanza aliyoikuta mezani.

Nikatazama vile viti kumi na vinne alivyoviazima kanisani na kuvifuta kimoja kimoja. Tangu Februari hakuna mtu aliyekanyaga mle gerejini ila mimi, na mimi huenda kugomba. Nikaikunja karatasi, uso wa dada yangu ukiwa ndani, nikamrudishia.

"Vipi?" Clyde akauliza.

"Ni A. Kalamu inabaki kwake."

Vernon hakunitazama. Aliitia karatasi mfukoni mwa shati, akachomoa kalamu, akaninyooshea.

"Mwaka huu andika wewe, Roberta. Macho yangu hayaoni vizuri."

Huo ulikuwa uongo wake wa pili siku ile, nami nikaupokea pamoja na kalamu.