Safari Hii Mama Mvuke Hakutia Manukato

Saa mbili asubuhi, Mama Mvuke amechutama mbele ya pipa lake, kilemba kichwani, macho kwenye ncha ya bomba. Ndani ya pipa, kilo mia moja za mchaichai zinapigwa mvuke. Mafuta yatakayotoka hayafiki lita moja. Tone la kwanza linadondoka. Analinusa, anacheka peke yake.

"Hili ndilo lenyewe," anasema. "Halijajipodoa."

Utani huo una kisa. Mwaka jana maabara moja ilimwomba chupa ya mafuta, iyajaribu kwa fangasi wa ngozi ambao dawa za kawaida haziwatishi tena. Mama wa watu, fundi wa miaka kumi na tisa, akaona haya kuwapelekea madaktari kitu kinachonuka majani. Akatia matone mawili ya manukato yake ya harusini.

"Mtafiti akanipigia: 'Mama, haya mafuta yalikuwa yanakwenda wapi?' Kumbe mashine yao ya kupimia imeyaona manukato, imenishtaki!" Anajishika mbavu kwa kicheko.

Siku ile hakucheka. Wifi yake, msusi anayeishi naye, ana fangasi mikononi mwaka wa pili sasa. Krimu za hospitali zimegonga mwamba, wateja wamemkimbia. Jina lake limo kwenye orodha ya wagonjwa wanaosubiri majaribio, na bila mafuta safi hakuna majaribio.

"Nililia kama nimefiwa," anakiri. "Yaani mimi ndiye niliyemfungia mlango!"

Wiki tatu zilizopita alipeleka chupa nyingine, safi kabisa. Leo, pipa likiwa bado la moto, simu inalia. Ni mtafiti.

"Mama, kwenye kisahani tulichodondoshea mafuta yako, fangasi hawakuota hata kidogo."

"Basi wifi yangu apake leo?"

"Usithubutu, mama! Kisahani si ngozi, yatambabua. Bado tunapima kiasi gani kinafaa. Lakini mafuta yako yamepita, na wifi yako tutamwita."

Wifi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni na glavu zake mikononi, anaangua vigelegele. Furaha inajaa uani.

Mama Mvuke anataka pipa la pili, maana maabara itahitaji mafuta mengi. Kisha anafungua kilemba ajifute jasho. Nywele za miaka miwili, hazijasukwa, zinasimama kila upande.

"Lo! Wifi, wasusi si wamejaa mtaani?" anashangaa msusi.

"Wamejaa," anajibu Mama Mvuke, akikifunga tena kilemba chake taratibu. "Kichwa hiki kinakusubiri wewe."