Oili Chafu ya Mtaro wa Nyuma

Kila mvua ya alasiri iliponyesha mtaani kwetu Eldoret, maji ya mtaro yalipita nyuma ya ploti kuelekea mto Sosiani yakiwa na utando wa oili. Mama jirani alikuwa na ndama mmoja tu, na ndama huyo alikunywa humo. Sasa alikuwa akiharisha na kukonda.

Mimi nilikwisha kupata mkosaji. Juu yetu kwenye mteremko kulikuwa na gereji ya matrekta, na fundi wake alikuwa na tabia ya kutazama mawingu kabla ya kutoka na dumu. Nilikuwa nimetoka chuoni na imani kwamba kila uchafu una mwenyewe. Kwa nini dumu lilitoka limejaa na kurudi tupu? Na kwa nini alinisalimia kwa uchangamfu ule?

"Msomi," aliniita mchana mmoja, "unanichumbia ama? Kila nikigeuka, macho yako."

"Oili chafu unaipeleka wapi?"

"Uliza majirani zako." Akacheka, akaingia chini ya trekta. Kicheko hicho nilikichukua kama ushahidi.

Mvua iliporudi, nilivaa gambuti nikaufuata mtaro kwenda juu, nikitaka kumkamata. Pale gereji inapotoa maji yake palikuwa na tope tu. Niliteremka tena, nimeinama. Utando ulianzia kwenye ua wa Mama jirani. Nguzo zake zilikuwa nyeusi tii, zimepakwa oili ya trekta ili mchwa wasizile, kama wengi wanavyofanya huku. Mvua ilikuwa ikiiosha oili hiyo hadi mtaroni, juu kidogo ya pale alipokunywa ndama.

"Kijana, unatafuta nini kwa ua yangu?" Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nikamwonyesha. Aliyatazama maji, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi.

"Fundi ndiye amekutuma?"

"Hapana, Mama. Nguzo hizi unazipaka wakati gani?"

"Kidogo kidogo. Wingu likionekana, fundi huniletea dumu, naharakisha kabla inyeshe."

"Ndiyo maana haikauki."

Alimfungua ndama, akamfunga upande wa pili, akamwekea ndoo ya maji ya tangi. Nguzo zilizobaki alizipaka kiangazi, mbali na mtaro, juu ya magunia, akaziacha zikauke kabla ya kuzisimika.

Ndama alipona. Mama hunisalimia vizuri, ila lango la ua wake siku hizi lina kufuli.