Unga, Makala na Kilio cha Mama Chishimba

Mama Chishimba wa mtaa wa Katuba alianza kufua mashuka ya wasichana wa bweni wakati masera, wale watawa wa lycée, shule ya wasichana, bado wana meno yao yote. Alifua mpaka mawe ya kufulia yakapata mashimo ya viganja vyake. Sabuni ikimwona asubuhi ilitoa povu yenyewe, hata maji hayajafika. Anayebisha aende akaulize mawe.

Miguu ilipogoma, masera walimpa baraka na kiti cha plastiki, akarudi nyumbani kungoja kitu kimoja tu: Faustin. Ni mtoto wake wa pekee, anahangaika na makaratasi ya malori pale mpakani Kasumbalesa. Si mbali, hata lori bovu linafika jua halijazama. Lakini siku ya kuondoka alijigamba mbele ya majirani kwamba atarudi na mabati mapya ya nyumba ya mama. Mabati hayakupatikana. Na mtoto wa kwetu aliyeahidi mabati harudi mikono mitupu. Anatuma salamu kwa madereva, mama akipiga simu hapokei, anazeekea hukohuko. Mama alikwisha kumsamehe yale mabati zamani. Alichoogopa ni kwamba siku mtoto atakapofika, yeye hatakuwa tena na macho ya kumwona.

Sasa, kule lycée wasichana wana jarida lao, linaitwa Kengele, wanaliandika wenyewe. Abigaïl, msichana ambaye mdomo wake haupumziki hata akilala, aliandika humo habari za Mama Chishimba: mashuka, mawe, miguu, kile kiti. Akaliomba kundi lao la misioni, ambalo kila Oktoba linachangia wenye shida, mwaka huu limkumbuke mama aliyewalaza pasafi. Wasichana wakasoma, wakafuta machozi, wakaleta vitu.

Jumapili ya Misioni, baada ya misa, wakatoka pamoja na Masera Agnès. Wote kitenge cha aina moja, vilemba vimefungwa sawasawa. Walitembea polepole kwa ajili ya mizigo, mabeseni ya unga wa bukari, ule ugali wetu, vichwani, magunia ya makala, yaani mkaa, kwenye toroli, wakiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Wenyewe walijiona malaika.

Mtaa ukaona kitu kingine. Katuba nzima inajua kwamba wanawake wa kitenge kimoja, wenye unga na makala, hawaendi kwenye ubatizo. Wanaenda kwenye kilio, kwa wafiwa.

Habiba, mjane wa watu wa Maniema, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulimtoka mikononi.

— Yooo! Chishimba ametuacha! Na mi nilimusalimia asubui!

Sauti ile ilihamisha kunguru wote mpaka Zambia. Punde matawi ya miti, alama ya msiba, yalikuwa yamelazwa barabarani, viti vimepangwa, wanaume wanawasha moto kwa makala yaleyale ya wasichana. Na wasichana, kuona matawi na kusikia vilio, wakaamini kwamba wamechelewa. Abigaïl ndiye aliyelia kupita wote. Habiba akamtumia Faustin ujumbe wa sauti: jina la mama, halafu kilio tupu.

Mama Chishimba alikuwa ndani, ambako hakuna aliyethubutu kuingia, amelala, dawa ya miguu imemshinda. Makelele yakamwamsha. Akajikokota, akashika mlango.

— Nani amekufa?

Mzee mmoja akajibu kwa adabu:

— Ni weye, mama.

— Ah bon. Na bukari ya kilio yangu iko tayari, ao nitaenda na njala?

Mwanaume mmoja aliruka ukuta pamoja na kiti chake. Kiti kilionekana kesho yake, mwenyewe keshokutwa. Waliobaki walicheka mpaka wakalia upya. Habiba akachukua simu.

— Faustin ashaingia njia, maskini! Nimwambie uko muzima.

Mama Chishimba akamnyang'anya simu, akaikalia.

— Wacha akuje.

— Mais Chishimba, ni bubaya! Mutoto analia njia muzima!

— Alie kidogo. Miye nililia siku ngapi?

Masera Agnès akakohoa.

— Mama, uongo, siku ya Misioni?

— Masera, mi sikusema nimekufa. Ni ninyi mulisema. Miye nilikuwa nalala.

Watu wakacheka tena, lakini yeye akazidi kuikalia simu. Faustin akisikia mama yuko mzima, si atakumbuka mabati? Si atageuza gari?

Jua lilikuwa bado juu ya kilima cheusi cha mabaki ya kiwanda cha shaba wakati gari dogo lilipoingia, jeneza limefungwa juu ya paa. Wenzake wa mpakani walikuwa wamemchangia. Kwenye kilio mikono mitupu si aibu. Faustin akashuka, kichwa kimejaa mvi, akaanguka vumbini bila kuangalia mtu.

— Mama, sikuleta mabati! Unisamehe, mama!

— Umeleta mbao, ikajibu sauti kutoka kwenye kiti cha plastiki. Simama nikuone.

Faustin akainua uso. Hakukimbia.

— Na ile sanduku iko fupi. Weye mutoto gani, haujue urefu ya mama yako?

Faustin akamwendea kwa magoti, akaweka kichwa mapajani mwake. Mama akapitisha kiganja juu ya zile mvi, polepole, kama anavyopapasa shuka kujua kama limekauka.

Unga ulipikwa siku ileile, mtaa mzima ukala. Jeneza liko pembeni ya nyumba mpaka leo, linatunza unga. Panya wakifika pale wanavua kofia. Faustin anakuja, akiwa na kitu au bila kitu, na kiti cha pili kimenunuliwa.

Katika toleo lililofuata la Kengele, Abigaïl aliandika maneno haya jinsi alivyotumwa: “Mama Chishimba anawashukuru wote, waliompa na waliomlilia. Mungu awape watoto wanaorudi. Mwaka kesho mukuje vilevile, kitenge kimoja na unga kichwani. Kuna mama mwingine hapa mtaani, mtoto wake yuko Kasomeno, naye pia harudi.”