Nusu ya Kitabu Iliyobaki kwa Octave

Walikikata kitabu vipande viwili kwa kisu cha jikoni, Octave na rafiki yake Joël, Jumapili moja ya mwaka 2016, kwenye meza ya Joël kule Yeoville, Johannesburg. Kilikuwa kitabu kinene cha biolojia, cha Kiingereza, kilichokwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Nusu ya mbele ilikuwa mwili wa binadamu na wanyama, nusu ya nyuma ilikuwa mimea. Chuo cha udaktari wa meno walichokitamani kilikuwa na mtihani wa kuingilia kwa waliosoma nje ya nchi, na wote wawili walikuwa watu wa kazi za kutwa. Basi wakakubaliana kila mmoja asome nusu yake, kisha amfundishe mwenzake. Joël, aliyekuwa muuguzi katika mji wa Baraka kabla ya vita kumtoa, alichukua mwili. Octave akaangukiwa na mimea.

Hakufurahi. Akauliza meno na majani yanahusiana nini.

"Wanataka kuona kama unaweza kusoma kitu usichokipenda," Joël alimjibu. "Soma tu, kaka."

Octave alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mtu wa Uvira kule Kongo, mrefu, mpole wa maneno. Kwao alikuwa amefanya kazi miaka sita katika kituo cha afya, akimshikia tochi muuguzi mzee aliyetibu meno. Kutibu kwenyewe kulikuwa kung'oa, basi. Vifaa vya kuziba jino havikuwepo. Siku moja alikuja binti aliyebakiza wiki mbili aolewe, jino la mbele limetoboka kidogo tu, na likang'olewa kama mengine. Binti alishukuru huku mkono umefunika mdomo, akatoka, na Octave akamwona barabarani akiwasalimu watu na mkono bado uko pale pale. Tangu hapo alitaka kujua namna ya kuliokoa jino.

Johannesburg ilimpa kazi ya ulinzi kwenye jengo la ofisi Marshalltown. Alikaa mchana kutwa ukumbini, akiwaandikisha wageni waliokuwa wakitia sahihi bila kumtazama. Kusoma kazini kulikatazwa, kwa hiyo aliandika neno moja kila asubuhi kwenye kiganja na kulitafuna mpaka jioni. Kando ya meza yake kulikuwa na chungu chenye mmea wa majani mapana. Siku aliyosoma kwamba jani hupumua kwa vitundu vilivyo upande wa chini, aliinama kulipindua jani moja achungulie, akakuta mshono. Mmea ulikuwa wa plastiki. Alicheka peke yake, kisha akatazama huku na huku kama kuna wa kumsimulia. Walikuwa wakipita watu wa ofisini na simu zao masikioni.

Alimsimulia Joël jioni, chumbani kwake alikokuwa amempa nafasi ya kukaa, na Joël alicheka mpaka akashika mbavu. Jumapili zilikuwa za kufundishana: figo na ini kutoka kwa mmoja, mizizi na chavua kutoka kwa mwingine, na sufuria ya maharage katikati. Octave aliacha hata kwenda kanisani ili asizikose. Mbele ya daftari lake alichora safu tatu: Kifaransa alichosomea, Kiingereza cha mtihani, na Kiswahili cha kuelewea. Pale Kiswahili kilipompiga chenga, alijitungia. Mirija ya kupandisha maji aliiita mabomba ya kwenda, ile ya kushusha chakula mabomba ya kurudi.

Machi 2017 Joël alipata barua aliyoingoja miaka saba. Alikuwa amekubaliwa kuhamia Kanada, na safari ilikuwa baada ya siku kumi na moja. Octave alimbebea begi hadi stesheni ya Park, wakakumbatiana penye treni ya uwanja wa ndege. Nusu ya mbele ya kitabu ilikuwa ndani ya begi. Joël aliahidi kupiga picha kurasa zote na kuzituma kwa simu.

Alituma kweli. Mwezi wa kwanza zilikuja kurasa za moyo, damu na mapafu, na sauti yake akieleza taratibu kama mwalimu. Mwezi wa pili zilifika hadi figo. Baada ya figo ilikuja picha ya theluji ya mwisho wa msimu mlangoni, halafu siku nyingi za kimya. Octave alipouliza, jibu lilikuja kwa sauti ya uchovu: "Mimi nimeacha, kaka. Niko kwenye bohari ya mizigo, nikitoka sina hata macho. Weye endelea."

Octave aliisikiliza sauti ile mara tatu. Hakuwa na hasira. Alijua uchovu ulivyo.

Chumba cha Yeoville kilikuwa cha Joël, kwa hiyo Octave alihamia ghorofa moja Joubert Park, nyuma ya pazia la chumba alichogawana na wapangaji wawili waliofanya kazi usiku. Walipishana mlangoni, hao wakiingia yeye akitoka. Zilipita wiki ambazo Kiswahili chake chote kilikuwa kichwani.

Aliyekivunja kimya hicho alikuwa Mama Clémence, Mrundi mnene wa makamo aliyeuza lengalenga, mchicha wa kwao, na majani ya maboga kando ya barabara. Asubuhi moja Octave aliona ua la njano limebaki kwenye fungu la majani, akaomba aligeuze. Alikuwa ameyasoma maua hayo wiki nzima kwenye mchoro mweusi na mweupe.

"Hilo ni dume," Mama Clémence alimwambia bila kuinua macho. "Tazama kikonyo, chembamba. Jike linakuja na kiboga chake chini, hata halijafunguka."

Octave alimwuliza alilijulia wapi hilo. Akasema shambani kwao, mji wa Ngozi kule Burundi, tangu akiwa na miaka mitano. Kisha akataka kujua mlinzi anatafuta nini kwenye maua, na Octave, ambaye hakuwa amemweleza mtu kwa miezi, akaeleza yote akiwa amechuchumaa pale: meno, mtihani, kitabu kilichokatwa.

"Na ukisoma, nani anakusikiliza?"

"Hakuna, Mama."

"Basi unisomee mimi. Nina masikio."

Ikawa kila asubuhi, kabla ya zamu, anasimama na kumsomea kwa Kiswahili chake cha kujitungia, naye anafunga mafungu na kusahihisha. Mabomba ya kwenda na kurudi aliyapenda. Ila la mbegu kulala usingizi alilikataa: mbegu hailali, alisema, inangoja.

Agosti Octave alifanya mtihani. Barua ya matokeo ilionyesha kwamba kwenye mimea alikosa swali moja tu, na kwenye mwili wa binadamu alikuwa ameanguka vibaya. Alikwenda kumwambia Mama Clémence, akakuta mahali pake pana mwanamke mwingine anayeuza soksi. Binti wa Mama Clémence alikuwa amejifungua Durban, mwanamke yule alisema, na yeye amekwenda kulea mjukuu. Namba ya simu hakuiacha.

Mwaka uliofuata Octave aliutumia katika maktaba ya jiji. Hakuruhusiwa kuazima, hivyo kila Jumamosi, mlango ukifunguliwa, alikaa meza ile ile ya dirishani na kunakili mwili wa binadamu kwa mkono, kiungo baada ya kiungo. Alijaribu kujisomea kwa mnong'ono. Mtu wa meza ya pili alimwomba anyamaze, akanyamaza.

Alirudia mtihani, akafaulu mwishoni mwa 2018. Barua aliisomea kwenye ngazi za ghorofa, akaketi pale pale kwa muda mrefu, watu wakimruka na mifuko yao. Alimpigia Joël, simu haikupokelewa. Akaandika ujumbe. Siku ya pili ulikuja mkono wa dole gumba na maneno machache: "Hongera kaka. Huku baridi." Mfuko mmoja wa wakimbizi ulikubali kumlipia mwaka wa kwanza, na Februari 2019 akavua sare ya ulinzi.

Darasani vijana wa miaka kumi na minane walimwita *malume*, mjomba, kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo walimwachia kiti kitupu kila upande. Wiki ya tatu, saa ya chakula, alikuwa ngazini akijinong'onea kwa Kiswahili mishipa ya fahamu ya uso, huu unapita shavuni, huu unashuka kwenye utaya, ndipo msichana aliyekuwa ameketi chini yake alipogeuka. Aliitwa Sagesse. Alimwuliza kwa Kiingereza kama ni Mkongo. Nyumbani mama yake huongea hivyo hivyo, alisema, naye anasikia kila neno ila ulimi haukubali.

"Jaribu," Octave alimwambia.

Msichana alifikiri, akaona haya. "Shavu," alisema.

"Ndiyo. Shavu."

Wenzake walimwita kutoka langoni, akachukua begi lake na kukimbia. Octave alimaliza mkate wake, akafuta makombo magotini, na saa nane ilipofika akaingia ndani na wengine.