Diski Moja kwa Kila Kitu

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaani wanamwita Zote Sawa. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimwambia diski hii ya grenda, mashine yake ya kusagia, ni ya chuma cha kawaida, ile ya mawe na zege, ile nyingine ya alumini, atakujibu, "Zote sawa tu, mradi inazunguka." Mimi nauza vifaa vya ujenzi, na diski nimezipanga nyuma yangu kutwa nzima. Miaka kumi na tisa nimesema hadi mate yamenikauka. Aliwahi kusaga alumini kwa diski ya chuma, ikaziba, ikapata moto, ikapasuka karibu na uso wake. Akaja kulalamika kwamba duka langu linauza takataka!

Sasa sikia hili. Mama yangu anakaa ghorofa ya kwanza, na magoti yake yamechoka. Mwaka jana alianguka kwenye ngazi, akavunjika mkono. Nikamwomba mume wangu amtengenezee reli ya kushikia, ya stenlesi isiyoshika kutu. Nikampa diski mpya, nikaiandika kwa wino mwekundu: STENLESI TU. Maana diski iliyokwisha kusaga chuma cha kawaida hubaki na vumbi lake. Ukiipeleka kwenye stenlesi, unalisugulia humo vumbi hilo, nalo ndilo linaloshika kutu. Nilimweleza haya yote mezani, akaitikia kwa kichwa huku anakula.

Wiki tatu baadaye reli ilikuwa na madoadoa ya kahawia kila alipounga na kusaga. Nilikwenda karakana, nikaikuta diski yangu rafuni, haijaguswa.

"Ulitumia ipi?"

"Iliyokuwa kwenye grenda. Sasa ningeifungua ya nini, na inafanya kazi?"

Nilitamani kulia. Hata hivyo hilo ningelimeza, kwani nimeshazoea. Kilichonichosha ni alichomwambia mama. Mama alimpigia simu kumuuliza, kwa upole wake, mbona reli inabadilika rangi. Mwanamume mzima, badala ya kukubali kosa, akamjibu, "Mama, hilo ni jasho la mikono. Wapo watu jasho lao kali, linakula chuma."

Nikamwambia aende akaisafishe reli, na ukweli amwambie mama mwenyewe. Akasema kesho. Kila siku kesho, kesho, mpaka Jumapili nikamkokota mwenyewe.

Tulipofika chini ya ngazi, mama alikuwa anashuka kutupokea. Mikono yote miwili ameikunja kifuani, bega ameliegemeza ukutani, anapapasa kila kidato kwa vidole vya mguu.

"Mama, shika reli!"

"Niache, mwanangu. Sitaki kumharibia mkwe wangu kazi yake. Wiki ya pili hii siigusi."

Mume wangu aliangusha begi la vifaa pale pale. Akapanda vidato viwili viwili, akamdaka mama kiunoni.

"Nisamehe, mama. Si jasho lako. Ni mimi, nilitumia diski chafu, nikaona haya kusema."

Mama aliikunjua mikono yake, akaigeuza huku na huku. Ngozi ilikuwa imepauka na kuchanika kwenye vidole.

"Na mimi mikono hii naiosha kwa sabuni ya kufulia," alisema, "asubuhi, mchana na jioni."