Vizibo vya Maji

Mama wa duka la kituo cha mafuta hauzi maji kabla ya kuzungusha kila kizibo kikalia kra! Vidole vyake vimeota sugu kwa kazi hiyo. Thayne alikuwa ametandaza ramani juu ya kaunta, akipanga safari ya wiki nzima kwenye hifadhi za jangwani, kutoka Arches mpaka Zion, alipoona chupa zote za maji alizonunua zinafunguliwa.

“Wee mama vipi! Yatamwagika garini!”

“Yamwagike.” Hakuinua macho. “Mwanangu walimkuta huko, kiu imemuua. Begini maji yamejaa, hata chupa moja hakufungua. Alikuwa anayabana, eti ya kesho.”

Thayne akaiweka kalamu juu ya ramani. Mama akamsogezea chupa, akamkazia macho kooni mpaka alipoimaliza.