Dume Kutoka Kisesa

Wilhelmina Chenge alikagua vitambaa kiwandani kwa miaka kumi na minne. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya jora linalopita na kutafuta uzi uliokatika. Mwaka 1994 kiwanda kilipunguza watu, naye akapunguzwa. Akarudi nyumbani Buswelu, akaanza kufuga nguruwe.

Hakubahatisha. Sakafu ya banda aliimwaga kwa saruji, yenye mteremko ili mkojo usituame. Kwenye chumba cha kuzalia alipigilia mbao kuzunguka ukuta, shubiri moja kutoka chini, ili mama akilala asiwabane watoto. Chakula kilikuwa pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa waliopondeka ambao wachuuzi hawakuwataka, asubuhi saa moja na jioni saa kumi. Mumewe, Antoni, alisema nguruwe wale walikula kwa wakati kuliko yeye. Ilikuwa kweli, na hakuna aliyembishia.

Jike wa kwanza alizaa watoto kumi. Wilhelmina akabakiza binti mmoja mwenye mgongo mrefu, na alipokomaa akampeleka kwa dume wa mzee Luhaga, kama alivyompeleka mama yake. Dume huyo aliitwa Meneja. Buswelu hapakuwa na mwingine.

Binti alizaa watoto tisa. Wanne walitoka wamekufa. Wawili hawakuwa na tundu la haja. Waliobaki walitetemeka siku tatu, wakafuata wenzao. Wilhelmina aliwazika nyuma ya banda mwenyewe, akanawa mikono, akakaa jikoni bila kupika mpaka Antoni akapika.

Bwana mifugo, Mashimba, alifika kwa baiskeli.

"Baba wa jike huyu ni nani?"

Wilhelmina akafungua daftari. "Meneja."

"Na baba wa hawa waliokufa?"

Wilhelmina akatazama daftari muda mrefu kuliko lilivyohitaji kutazamwa. "Meneja."

Mashimba akafunga mkoba wake wa dawa. "Basi hapa hakuna ugonjwa, mama. Hapa kuna ukoo."

Jioni ileile Wilhelmina akaenda kwa mzee Luhaga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia unamchafulia Meneja jina."

"Meneja hana kosa. Sisi ndio tunampelekea mabinti zake."

"Wilhelmina, mimi ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo maana nimeanza kwako, baba."

Mzee Luhaga alimwambia aende salama, kwa sauti ya mtu asiyejali kama ataenda salama.

Dume mwingine alipatikana Kisesa, wa miezi minane, mwenye mabega mapana na asiye na ndugu Buswelu. Wenye magari walimtazama, wakakumbuka safari nyingine. Kwa hiyo Wilhelmina na Antoni walimleta kwa miguu. Walitoka alfajiri kabla ya jua, kwa sababu nguruwe hatoki jasho, na joto likimpata anaweza kufa njiani. Wilhelmina alishika kamba iliyofungwa mguu wa nyuma. Antoni alishika ubao, akawa anamzibia kila upande ambao hawakutaka aende. Dume aliutaka kila upande huo.

Kufika Igoma jua lilikuwa limepanda. Dume akahema mdomo wazi, akalala mbele ya mlango wa duka la Yassin, muuza mchele. Wateja wawili waliokuwa wanaingia wakabadili mawazo. Wilhelmina aliona aibu kiasi cha kutamani ardhi immeze, na akaona pia kwamba masikio ya mnyama yamewiva kwa joto.

"Utanisamehe, ndugu yangu. Akiinuka sasa hivi atakufa."

Yassin alimtazama nguruwe, akatazama barabara, akatazama nguruwe tena. Akaingia ndani, akatoka na ndoo ya maji, akaiweka chini hatua tano kutoka kwa mnyama.

"Mmwagie, mama. Ndoo usirudishe."

Walimmwagia polepole, wakakaa kivulini saa nzima. Yassin aliuza mchele kupitia dirisha la nyuma. Walipoondoka alimuuliza Antoni, kwa mbali, kama bado ni mbali.

Buswelu walifika saa nane. Dume alitengwa wiki tatu kwenye banda la pembeni, asije akawa na maradhi. Kisha akakutanishwa na binti yule, na miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu baadaye wakazaliwa watoto kumi na mmoja. Wilhelmina aliwageuza mmoja mmoja mwangani, kila mmoja pande zote mbili. Alipomaliza alianza upya, kwa sababu hakuamini.

Majirani wakaanza kuleta majike wao. Mzee Luhaga alikuja wa mwisho, baada ya ibada, amevaa koti, akiswaga jike mbele yake.

"Sikuja kwa ajili yangu," alisema. "Huyu ndiye amesumbua."

"Karibuni wote, baba," alisema Wilhelmina, akafungua mlango wa banda.

Mwezi uliofuata Meneja alivushwa kwenda Ukerewe, ambako hakuwa na mtoto hata mmoja. Mzee Luhaga alimsindikiza mpaka kivukoni, amevaa lile koti la ibada.